Taarifa ya mwananchi kuhusu mto iwe na nguvu ya kanuni

Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Serikali ilisimamisha kwa muda matumizi ya maji hayo, ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, na kabla mwezi haujaisha jibu likatoka: chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilivyorundikana bondeni kisha vikasombwa na mvua hadi mtoni. Wananchi wengi hawakuamini. Macho yao yalikuwa yameshaelekea kwenye migodi ya dhahabu, na mitandaoni kinyesi cha ng'ombe kikageuzwa kichekesho. Tangu hapo ubishi ulihama kutoka kwenye maji ukaenda kwenye swali la nani anaaminika, na ukishafika huko hakuna maabara inayoweza kuumaliza.

Kisayansi, hoja ya kinyesi si ya kuchekwa. Mwaka 2018 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye Mto Mara huohuo, upande wa Kenya, ambako viboko kwa maelfu hujazana kwenye vidimbwi vya mto wakati wa kiangazi. Kinyesi chao hutuama chini ya vidimbwi hivyo. Mvua ikinyesha na mto ukijaa, tope lile huvurugwa na kusukumwa kuelekea chini, bakteria wanaoliozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Watafiti walihesabu nyakati 49, ndani ya miaka 3, ambapo mto ulijaa na oksijeni ikashuka. Mara 13 ilishuka hadi kiwango cha hatari, na katika miaka 5 samaki walikufa kwa wingi mara 4. Mavi yanaua samaki, basi. Lakini tuangalie walivyolijua hilo: vipimo viliachwa majini vikisoma usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Wangefika siku kadhaa baada ya samaki kufa, huenda wangekuta oksijeni imesharudi na wao pia wangebaki kukisia. Utafiti huo hauthibitishi kwamba kamati ya 2022 ilikuwa sahihi, maana tukio moja halihukumiwi kwa jingine. Unaonyesha tu kwamba jibu lile liliwezekana, na kwamba waliolitilia shaka nao walikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa mjadala uliofika kwa umma ulisimama juu ya sampuli zilizochukuliwa baada ya msiba. Mto ulikuwaje wiki tatu kabla? Ulikuwaje mwaka mmoja kabla, msimu kama huo? Maswali hayo ndiyo yangeamua ubishi, na ndiyo yaliyokosa majibu ambayo mkulima au mvuvi angeweza kuyasoma mwenyewe.

Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu ya namna hiyo inaweza kuandikwa, na waandishi wake ni wale wanaochota, wanaonywesha na wanaovua kwenye mto huo kila siku. Lakini kuandika peke yake hakutoshi. Kanuni itamke kwamba kipimo cha wananchi waliofunzwa kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mamlaka inalazimika kufika na kuchukua sampuli zake ndani ya saa zinazotajwa. Vikundi vya mazingira, mafunzo ya siku mbili na fulana zenye nembo tumeviona vingi. Kilichoviua vingi ni kwamba walioandika taarifa hawakuwahi kujibiwa.

Kwanza tukubaliane kwamba wataalamu wa serikali hawawezi kuifanya kazi hii wenyewe, hata wangekuwa wachapakazi kiasi gani. Tanzania ina mabonde tisa ya maji, kila bonde na bodi yake. Bonde la Rufiji peke yake lina zaidi ya kilomita za mraba 170,000, ukubwa unaoizidi Rwanda zaidi ya mara sita. Gari la bodi likifika kijito fulani mara chache kwa mwaka, limejitahidi. Na sampuli iliyochotwa Jumanne inazungumzia Jumanne. Anayetaka kufungulia maji machafu hasubiri saa za kazi. Anangoja usiku, au anangoja mvua kubwa ifute nyayo zake, na wakaguzi wakifika mto umeshajisafisha machoni. Tatizo hili ni la dunia nzima ila uzito wake umeangukia kwetu. Umoja wa Mataifa ulipokusanya takwimu za ubora wa maji na kuzitangaza mwaka 2021, mito, maziwa na maji ya chini ya ardhi yaliyoripotiwa yalizidi 75,000, na nchi 20 zilizo maskini kuliko zote zilichangia kiasi cha asilimia moja tu. Taarifa hiyohiyo ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 3 wako hatarini kwa sababu hali ya maji yao haijulikani.

Pengo hilo linaweza kuzibwa na wadudu. Chini ya mawe ya kijito kinachotiririka wanaishi viumbe wadogo wanaoonekana kwa macho: makinda ya kereng'ende, konokono, kaa, miruba, minyoo na viluwiluwi vya usubi. Maji yakichafuka hawana pa kukimbilia, na wengi wao hukaa majini wiki au miezi kabla ya kuota mbawa, hivyo kilichopita juu yao usiku wa manane huonekana asubuhi kwa waliobaki na waliotoweka. Kila kundi lina uvumilivu wake. Yupo mdudu mwenye mikia miwili anayetambaa chini ya mawe kwenye maji baridi yaendayo kasi. Oksijeni ikipungua kidogo, huyo ni miongoni mwa wa kwanza kupotea. Kinyume chake wapo funza wekundu, wekundu kwa sababu damu yao ina hemoglobini kama ya binadamu, wanaoneemeka kwenye tope la maji taka mahali ambapo wengine hawapati pumzi. Wataalamu wa Afrika Kusini walilitumia jambo hili kutengeneza mfumo wa kitaalamu uitwao SASS, na mwaka 2004 wakachapisha toleo lililorahisishwa kwa ajili ya wanafunzi na wanavijiji, miniSASS, lenye makundi 13 tu. Mdudu wa mikia miwili anapewa alama 17, kaa 6, konokono 4, minyoo 2. Mtu anachota kwa wavu mdogo, anatambua kwa kutazama picha, anajumlisha alama na kugawa kwa idadi ya makundi aliyoyapata. Wastani ukiwa juu mto una afya. Ukiwa chini mto unaumwa. Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa darasa la sita.

Nasi hatuanzii patupu. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mfumo wa alama uliotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania, TARISS, kwa kuwa wadudu wa huku si wote wa kule na alama za kuazima zinaweza kupotosha. Huo ni mfumo wa wataalamu, unaodai jicho lililofunzwa. Kinachobaki ni kuurahisisha kama Waafrika Kusini walivyourahisisha wao, kutafuta majina ambayo watu wa kila bonde wanayatumia, na kuongeza vipimo viwili vitatu vya bei ndogo: kipimajoto, na mrija mrefu unaopitisha mwanga wenye alama nyeusi kwenye kitako, ambao unajazwa maji mpaka alama isionekane ili kujua tope limefikia wapi. Daftari la namna hii linafanya kazi kama kadi ya kliniki ya mtoto. Muuguzi hatoi hukumu kwa uzito wa siku moja. Anatazama mstari unakoelekea, na mstari ukipinda kwenda chini anaita daktari.

Swali linalokuja haraka ni kama takwimu za watu wasiosomea kazi hii zinaweza kuaminika. Jibu zuri limetoka jirani, kwenye bonde la Sondu Miriu magharibi mwa Kenya. Watafiti walisimika fito zenye alama za kina cha maji kwenye vituo 13, wakaweka ubao unaomwomba mpita njia asome namba na kuituma kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo 1,175 vinavyokubalika, na vilipolinganishwa na mtambo unaopima wenyewe havikuachana sana. Hakuna aliyehitaji simu ya gharama wala cheti. Ni kweli kwamba kusoma namba kwenye fito ni rahisi kuliko kutofautisha wadudu, na wanaoanza huchanganya makinda yanayofanana. Ndiyo maana miniSASS ikapunguza makundi. Tena makosa ya namna hiyo yanapungua kwa vitu vya kawaida kabisa: picha ya simu ya kila alichokipata mtu, na mtaalamu wa bonde kurudia kipimo kimoja kati ya kila kumi bila kutoa taarifa. Ikumbukwe kwamba usahihi tunaoudai hapa si ule wa kupeleka mtu mahakamani. Tunatafuta kitu kinachotuambia lini tuamke.

Mfano ulio wazi zaidi wa kuamka kwa wakati ni wa Mto Kennet, kusini mwa Uingereza. Tangu mwaka 2007 wavuvi wa ndoano nchini humo wamekuwa na mpango wa kuhesabu makundi machache ya wadudu na uduvi wa mtoni. Kila kituo kimewekewa na mtaalamu wa mamlaka ya mazingira namba ya chini kabisa. Hesabu ikianguka chini yake, wanaojitolea wanarudia kipimo na mamlaka inaarifiwa. Julai 2013, karibu na mji wa Marlborough, uduvi na wadudu walikuwa karibu wametoweka kabisa. Maji yalionekana safi. Samaki walikuwa hai. Wakaguzi walipofika na kuchukua sampuli zao, maabara iligundua dawa ya kuulia wadudu iitwayo chlorpyrifos, iliyopita kwenye mtambo wa maji taka, na kiasi chake kilikadiriwa kuwa kama vijiko viwili vya chai. Viliua karibu viumbe wote wadogo kwenye urefu wa kilomita zipatazo 15. Dawa hiyo imetumika kwa miaka mingi kwenye mashamba ya Afrika Mashariki pia, na pampu za kupulizia huoshwa mitoni mchana kweupe. Je, vijiko viwili vya namna hiyo vimepita mara ngapi kwenye mito yetu bila mtu kujua kwa nini ng'ombe hawataki kunywa?

Kilichofanya kazi Kennet ni ile namba iliyokubaliwa mapema. Wavuvi hawakwenda kulalamika wala kumtuhumu mtu. Walipeleka hesabu, na hesabu ikawa imevuka mstari ambao mamlaka yenyewe iliuchora. Sheria zetu zimefika nusu ya njia hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi wa Tanzania wajibu wa kulinda mazingira na kuziarifu mamlaka juu ya jambo linaloweza kuyaathiri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua Jumuiya za Watumia Maji na kuzikabidhi sehemu ya utunzaji wa vyanzo. Kenya nayo, kupitia Sheria ya Maji ya 2016, ina jumuiya zake za watumiaji wa rasilimali za maji. Kwa hiyo mtoa taarifa yupo na chombo kipo. Wajibu wa mwananchi umeandikwa. Muda wa kumjibu haukuandikwa pamoja nao. Kanuni fupi ingetosha: bodi ya bonde iweke kiwango cha chini kwa kila kituo baada ya mwaka mmoja wa vipimo, kiwango kikivunjwa na kipimo cha pili kikathibitisha, bodi ifike ndani ya saa 48, na matokeo ya maabara yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji, hata kama yanasema hakuna tatizo. Kwa Mto Mara, ambao unaanzia nyanda za juu za Mau, Kenya, na kuvuka mpaka kabla ya kuingia Ziwa Victoria, karatasi ya alama iwe moja kwa nchi zote mbili, maana theluthi mbili hivi za bonde lake ziko Kenya na mdudu hana pasipoti.

Wapo watakaosema mfumo wenyewe una mipaka, na wana haki. Wadudu hawasemi kama maji yanafaa kunywewa. Kijito kinachoshuka Mlima Meru kinaweza kuwa na makundi yote yanayopenda usafi na bado kikawa na floraidi ya asili inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, ambayo huchafua meno na kupindisha mifupa ya watoto. Kipindupindu nacho hakitaonekana kwenye wavu. Baada ya mafuriko makubwa alama hushuka hata kama hakuna aliyechafua, kwa sababu wadudu wamesombwa, ndiyo maana daftari lisiloandika mvua ni la kutupa. Na miniSASS haikutengenezwa kwa maji yaliyotuama: kwenye vinamasi vya Mara ya chini, mahali penyewe samaki walipokufa, haifai. Pale kinachohitajika ni kupima oksijeni, na vipo vifaa vya matone vinavyoweza kushikwa na mvuvi, ingawa dawa zake huisha na zinapaswa kununuliwa tena. Mipaka hii yote inadai uangalifu. Haidai kuacha, na anayewapa wanavijiji wavu bila kuwaeleza mipaka yake anawatendea vibaya kuliko anayewanyima.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: kwamba kujitolea kwa wananchi kutaipa serikali kisingizio cha kutoajiri na kutonunua vifaa vya maabara. Hofu hii ina mizizi. Huko Mpophomeni, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, juu ya Bwawa la Midmar, vijana wa mtaa walijipanga kupima mito na kuandika kila chemba ya maji taka iliyofurika, ilipo na ilifurika kwa siku ngapi. Waliandika kwa uaminifu. Lakini mwenye koleo, bomba na bajeti ya kuziba ni halmashauri, na kwenye mlango wa halmashauri daftari zuri linaweza kusubiri muda mrefu. Programu za aina hiyo baadaye zilianza kuwalipa vijana posho, jambo la haki. Kwa hiyo naikubali hofu na kuitumia: kanuni ya saa 48 inazidisha kazi ya maabara, haiipunguzi. Bodi yenye vituo 60 vinavyopiga kengele italazimika kuomba kemikali, gari na mkemia, na safari hii ikiwa na namba za kumwonyesha anayegawa fungu.

Upo pia upendeleo. Wakulima wa umwagiliaji walio kwenye jumuiya ndio hao wanaopulizia dawa, na mwenyekiti mwenyewe anaweza kuwa na bustani ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambamo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu. Nani atajipima akaandika kwamba anachafua? Dawa yake ni kubadilishana vituo, watu wa juu wapime chini na wa chini wapime juu, na shule zichukue baadhi ya vituo kwa kuwa watoto hawana shamba la kuficha. Kuhusu usalama wa anayepima, alama zina fadhila ambayo malalamiko hayana. Mwananchi anayesema kiwanda fulani kinatiririsha sumu amejiweka kwenye hatari ya kesi au ya vitisho. Anayesema kituo namba saba kimeshuka kutoka wastani wa 7 hadi 3 hajamtaja mtu. Kutafuta aliyesababisha ni kazi ya mwenye mamlaka, na ni vema ibaki hivyo.

Linabaki suala la fedha na uchovu. Sondu Miriu ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya ujumbe hutoka kwa watu wachache wenye ari, na watu wachache huugua, huhama, huchoka. Nauli, viatu vya mpira, wavu unaochanika na dawa za kupimia haviwezi kutoka mfukoni mwa mwanakijiji mwaka baada ya mwaka, wala visitegemee mfadhili ambaye mradi wake una tarehe ya kufungwa. Mabonde tayari hukusanya ada za matumizi ya maji, na anayetaka kutiririsha maji taka mtoni anatakiwa kuwa na kibali. Sehemu ya ada hizo itengwe kwa vituo vya wananchi vilivyo chini ya kila sehemu yenye kibali, na sharti la kuhuisha kibali liwe kwamba alama za kituo hicho kwa miaka iliyopita zimesomwa kwanza, hadharani, mbele ya wanaozipima na mwenye bomba wakiwa wamekaa chumba kimoja.